Kostiki, mise na sufuria iliyotoboka

Sufuria ile ninayo hadi leo, imetundikwa ukutani kwenye banda la sabuni. Ni ya aluminiamu, na kitako chake kina tundu linalopitisha kidole gumba. Iliharibika mwaka 2013, siku ya kwanza nilipojaribu kutengeneza sabuni peke yangu nyumbani, hapa Kigoma. Nilikuwa nimetoka kwenye mafunzo ya siku mbili na akina mama wenzangu wa kikundi. Kule tulitumia ndoo ya plastiki. Nyumbani kwangu ndoo zote zilikuwa na maji ya kunywa, nikachukua sufuria. Nikatia maji, nikaanza kumimina kostiki, yaani haidroksidi ya sodiamu, zile chembe kali nyeupe za kutengenezea sabuni, kidogo kidogo huku nikikoroga kwa mwiko.

Maji yakaumuka povu. Mwanzo sikushtuka, maana nilishajua kwamba kostiki ikiingia kwenye maji hupandisha joto yenyewe bila jiko. Lakini povu lilizidi, likapanda kama maziwa yanayofurika, mvuke ukanikaba koo, na ile sauti ya kuchacha haikutaka kukoma. Sufuria ikageuka nyeusi tii mbele ya macho yangu. Niliiacha palepale uani nikakimbia na watoto upande wa pili wa nyumba. Tuliporudi, maji yote yalikuwa yamevuja chini, na kitako kilikuwa kimekuwa chembamba kama karatasi.

Jiko la mkaa lilikuwa hatua nne tu kutoka pale, tayari limepangwa, bado kuwashwa. Nikilikumbuka jiko lile mwili hunisisimka hata sasa. Povu lile halikuwa mvuke mtupu. Kostiki inapokula aluminiamu hutoa gesi ya haidrojeni, na haidrojeni hudaka moto kwa cheche moja.

Kesho yake mwenyekiti wetu aliniuliza, "Kwani hukusikia tulivyosema ndoo ya plastiki?" Nilisikia. Ila hakuna aliyetuambia kwa nini plastiki, nami nikadhani ni kwa sababu ndoo ni nafuu. Ndipo nilipoanza kuulizia sababu ya kila kitu, na kila niliyemuuliza alinirudisha kwenye somo lilelile nililoliacha kidato cha pili: asidi na besi.

Shuleni tulikariri kwamba asidi hugeuza litmasi ya bluu kuwa nyekundu, na besi hugeuza nyekundu kuwa bluu. Karatasi yenyewe ya litmasi hatukuwahi kuishika. Nilijibu mtihani, nikapata alama, nikatoka sijui asidi ni nini. Wakati huohuo nyumbani kwa bibi, kule Buhigwe, nilikuwa nikiiona kemia hiyo kila wiki. Bibi alikuwa na chungu kilichotobolewa matundu madogo chini. Alitandika majani makavu ndani, akajaza majivu ya maganda ya ndizi, akamimina maji juu, na chini yakadondoka matone yenye rangi ya chai. Hayo ndiyo yalikuwa magadi yake ya kulainishia maharage. Alijua yamekolea kwa kuyasugua kati ya kidole gumba na cha shahada. Yakiteleza, yako tayari. Yasipoteleza, aliyarudisha juu ya majivu yapite mara ya pili.

Ule utelezi ndio mlango nilioingilia. Nilidhani unatoka kwenye maji ya majivu, kumbe unatoka kwenye ngozi yenyewe. Kitu chenye nguvu ya besi kikigusa ngozi, huanza kuyageuza mafuta ya ngozi kuwa sabuni. Bibi alipokuwa akisugua vidole, alikuwa anatengeneza sabuni kidogo sana kutokana na mwili wake. Kwa magadi ya majivu hakuna madhara makubwa ukinawa. Kwa kostiki, usijaribu kamwe.

Kiswahili chetu kinayo maneno ya mambo haya tangu zamani. Asidi ni tindikali, na upande wa pili tulikuwa na magadi. Neno tindikali limeingia hofu kwa sababu ya habari za watu kumwagiwa usoni, na hofu hiyo ni ya haki kabisa, ila limau nalo lina tindikali, ukwaju una tindikali, maziwa mgando yana tindikali, na tumboni mwako sasa hivi imo tindikali kali kuliko ya maziwa mgando. Vivyo hivyo magadi ya bibi na kostiki ya dukani ni ndugu wa ukoo mmoja. Wanachotofautiana ni ukali.

Binti wa kaka yangu alipokuja kukaa nami akiwa kidato cha tatu, tulilichimba jambo hili pamoja kwa daftari lake. Alinisomea kuhusu Svante Arrhenius, Mswidi aliyeandika tasnifu yake mwaka 1884. Alisema vitu vikiyeyuka katika maji huachana vipande vipande vyenye chaji ya umeme, tunavyoviita ioni. Asidi ni ile inayoachia ioni za haidrojeni, na besi ni ile inayoachia ioni za haidroksidi. Haidrojeni na haidroksidi zikikutana hushikana na kuwa maji. Kilichobaki, yaani mabaki ya asidi na mabaki ya besi, hushikana na kuwa chumvi. Walimu wake waliipa tasnifu ile alama za chini, na mwaka 1903 akapewa tuzo ya Nobel kwa nadharia hiyohiyo. Binti alikuwa amepata alama mbaya za kemia muhula ule. Alikisoma kipande hicho mara mbili.

Mimi nilibaki kwenye lile neno chumvi. Nikamuuliza, "Sasa kama asidi na besi zikikutana ni chumvi, sabuni je?" Akafikiri kidogo. "Mafuta si asidi, Shangazi." Tukafungua ukurasa mwingine, tukakuta kwamba mafuta ni asidi za mafuta zilizofungwa kwenye gliserini, tatu kwa kila gliserini moja. Kostiki hukata kifungo hicho, gliserini ikaenda zake, na kila asidi ya mafuta ikashikana na sodiamu ya kostiki. Kwa hiyo sabuni ni chumvi. Nilikuwa nimekata miche ya sabuni kwa miaka kadhaa bila kujua kwamba nilichokishika ni chumvi ya mafuta.

Hapo ndipo ninapotaka kukaa kidogo, kwa sababu hapo ndipo nilipowahi kuumiza watu.

Mchikichi hutoa mafuta ya aina mbili. Nyama ya tunda hutoa mawese mekundu, na kokwa hutoa mise. Wengi wetu hapa tunapenda mise kwa sabuni kwa sababu inatoa povu zuri na mche mgumu. Kilo 1 ya mise inahitaji takriban gramu 176 za kostiki ili mafuta yote yageuke. Kilo 1 ya mawese inahitaji takriban gramu 141. Tofauti hiyo inatoka kwenye urefu wa minyororo, maana kila asidi ya mafuta imejengwa kama mnyororo. Ya mise ni mifupi, kwa hiyo katika kilo moja imo mingi zaidi, na kila mnyororo unadai kostiki yake.

Sikulijua hilo mwaka 2014. Msimu ule mise ilipanda bei na kuadimika, nikasema nitatumia mawese, mafuta si mafuta? Nikaweka kilo 10 za mawese na kostiki yangu ileile ya siku zote, gramu 1,760. Sabuni ikashika haraka, ikakauka vizuri, ikapendeza. Niliikata baada ya siku mbili na kuipeleka sokoni wiki hiyohiyo. Piga hesabu: mawese yale yaliweza kula gramu 1,410 tu. Gramu 350 za kostiki zilibaki ndani ya miche ile zikiwa hazina mafuta ya kula, zikingoja kukutana na mafuta mengine. Yakawa mafuta ya mikono ya watu.

Wa kwanza kuja alikuwa mama anayekaanga dagaa karibu na soko. Yeye huosha vyombo kutwa nzima, na sabuni alinunua kwangu. Hakuja kwa ugomvi. Aliweka mche uliobaki juu ya meza, akanyoosha viganja. Ngozi ya ncha za vidole ilikuwa imechubuka, na kwenye maungio imepasuka mistari myekundu. Akasema, "Dada, hii sabuni yako inanila." Nilimrudishia hela, nikamwomba radhi, na bado nilikuwa sijui nimekosea wapi. Nililaumu maji, nililaumu pafyumu. Mwenyekiti ndiye aliyeniuliza swali moja: ulibadilisha mafuta?

Sabuni iliyokuwa imebaki hatukuitupa. Tuliikata vipande vidogo, tukaipasha moto taratibu na maji kidogo kwenye chombo cha chuma cha pua, tukaongeza mawese. Kila kilo ya mawese ingekula gramu 141, kwa hiyo gramu 350 zilihitaji kama kilo 2 na nusu. Tuliweka kilo 3 ili mafuta ndiyo yabaki kidogo, si kostiki. Tangu siku hiyo kila pishi nalipigia hesabu kwa aina ya mafuta, kisha napunguza kostiki kwa asilimia 5. Kwa kilo 10 za mise napima gramu 1,670, basi. Nilinunua mizani inayosoma gramu moja moja, nikaacha kabisa vipimo vya kikombe na kijiko. Mtu akiniambia "kostiki kikombe kimoja na nusu" huwa namwomba kwanza anionyeshe kikombe chenyewe.

Kosa la upande wa pili nalo lilinipata. Duka fulani lilikuwa likiuza kostiki ya kupima kutoka kwenye mfuko uliokaa wazi. Nilinunua, nikapima sawasawa, na sabuni ikagoma kushika, ikabaki laini yenye mafuta juu. Kostiki hunyonya unyevu na pia hewa ya ukaa, na polepole hugeuka kuwa magadi soda, ambayo ni besi dhaifu isiyotosha kukata kifungo cha mafuta. Mizani ilisema gramu sahihi, lakini sehemu ya gramu hizo haikuwa kostiki tena. Siku hizi nanunua iliyofungwa, na chembe zikiwa zimegandamana na kufanya ukoko mweupe, nairudisha.

Kupima kabla ya kuuza nilijifunza kwa choya, yale maua mekundu ya juisi. Binti alikuwa ameniambia kwamba rangi za mimea mingi hubadilika kwa asidi na besi, na litmasi yenyewe hutengenezwa kwa rangi ya viumbe vinavyoota juu ya mawe na magome. Nami nikakumbuka doa la manjano. Ukidondosha mchuzi wenye binzari kwenye kitambaa cheupe, kisha ukakifua kwa sabuni ya mche, doa hugeuka jekundu kama damu, na ukilikamulia limau linarudi kuwa njano. Hata chai ya rangi ukiitia limau hupauka. Ni vitu vya jikoni nilivyoviona maisha yangu yote.

Basi tukachemsha choya, tukaacha ipoe, tukagawa kwenye glasi. Kwenye limau ilibaki nyekundu ya kung'aa. Kwenye maji ya bakingi soda ikawa bluu inayoelekea kijani. Tukachukua sabuni yangu nzuri, tukaikwangua, tukaiyeyusha kwenye maji na kutia choya, ikawa kijani. Kisha nikatoa kipande cha ile sabuni ya mwaka 2014, nilichokuwa nimekifunga kwenye nailoni kama ushahidi wangu mwenyewe. Ilikuwa imekaa miaka, nikadhani ukali umeisha. Tulipokata katikati na kuyeyusha kiini chake, choya ilipita kijani moja kwa moja ikawa njano chafu. Binti alishika ile glasi akaiinua dirishani, hakusema kitu kwa muda.

Baadaye nilipata karatasi za kupimia pH, zile zenye rangi na namba kutoka 0 hadi 14. Kipimo hicho kilibuniwa mwaka 1909 na Søren Sørensen, Mdenishi aliyefanya kazi kwenye maabara ya kiwanda cha bia cha Carlsberg, Copenhagen. Namba 7 ni katikati, maji safi. Chini yake asidi, juu yake besi. Limau liko karibu na 2, ngozi ya mtu karibu na 5, damu ni 7.4, maji ya Ziwa Tanganyika yetu yanakaribia 9, sabuni nzuri ya mche ni kati ya 9 na 10, na kostiki iko kule 14.

Watu wengi huniambia, "Sabuni yako ni 10 na ile mbaya ni 13, si tofauti ndogo?" Kila hatua moja ni mara kumi. Kutoka 10 hadi 13 ni hatua tatu, yaani mara 1,000. Nikieleza hivyo huwa naona mtu anaurudisha mkono wake nyuma.

Niseme na la kuungua, maana hilo linaweza kumkuta yeyote. Mwaka 2016 nilikuwa nainua ndoo ya maji ya kostiki, mpini ukateleza, yakanirukia kwenye kifundo cha mkono ambako glavu haikufika. Sikusikia maumivu mwanzoni. Nilisikia utelezi tu, ule utelezi wa bibi. Na hapo ndipo hatari ilipo, kwa sababu asidi kali ikikugusa hukuchoma palepale ukaruka, na mara nyingi huikausha ngozi ikawa kama gamba. Kostiki huyayeyusha mafuta na nyama, ikaendelea kuzama chini huku wewe unajiona mzima.

Bibi wa jirani alikuja mbio na limau lililokatwa. "Mwanangu, weka hii, kostiki inauawa na limau!" Alikuwa anasema kweli ya darasani, asidi na besi huuana nguvu. Lakini zikiuana hutoa joto, na joto hilo lingetoka juu ya nyama iliyokwisha kuungua. Tena limau ngapi? Kwenye ndoo ninayo mizani, kwenye kidonda sina. Mwenzangu mmoja wa kikundi alinishika mkono akauweka chini ya bomba, maji yakapita tu, dakika baada ya dakika, zaidi ya 20, mimi nikilia sasa maumivu yamefika. Nesi wa zahanati alipouona akasema yale maji ndiyo yaliyouokoa mkono. Nina kovu la ukubwa wa sarafu ya shilingi 200. Siku hizi kabla sijafungua kostiki navaa glavu ndefu na miwani, naweka ndoo mbili za maji safi kando, na namimina kostiki kwenye maji, kamwe si maji kwenye kostiki, kwa sababu maji machache juu ya kostiki nyingi huchemka ghafla na kuruka usoni.

Magadi jikoni bado natumia, ila kwa mkono mwepesi. Yanalainisha maharage kwa sababu besi huvunja gundi inayoshikilia chembe za mmea, na huharibu vitamini B1 na C humohumo, kwa hiyo kuloweka usiku kucha ni bora kuliko kuongeza magadi.

Sabuni yangu sasa hukaa wiki nne kwenye chanja kabla ya kwenda sokoni. Binti amemaliza shule, lakini akiwa likizo yeye ndiye mpimaji. Anakwangua kutoka kiini cha mche, si juu, anayeyusha, anachovya karatasi, anaandika namba kwenye daftari pamoja na tarehe na aina ya mafuta. Likizo iliyopita aliandika 10, mise, kilo 10, kostiki 1,670.

Yule mama wa dagaa alikaa zaidi ya mwaka bila kununua kwangu. Akipita tulisalimiana vizuri, akaenda kununua kwingine. Siku moja alisimama mezani, akauliza kama bado natumia mawese. Nikamweleza hesabu, nikamwonyesha daftari, nikamwonyesha na ile karatasi. Alichukua mche mmoja. Wiki mbili baadaye alirudi mikono imelowa, inanuka dagaa, akaweka hela ya miche mitatu mezani, kisha akanyoosha viganja vyake juu ya meza nivitazame.